Familia ya watu sita, chumba kimoja, dakika 60: tuingie au tuachane nayo?

MamaWatatu

Wanajukwaa, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijalipa.

Kifungua mimba wangu anatimiza miaka 15, na safari hii hataki keki wala zawadi. Anataka twende sote kwenye zile sehemu mnazofungiwa chumbani kama timu, mnapekua vitu, mnafumbua mafumbo, saa ukutani inahesabu kurudi nyuma, dakika 60 zikiisha hamjatoka basi mmeshindwa. "Sote" maana yake mimi, baba yao, yeye mwenyewe, mdogo wake wa miaka 12, kitinda mimba wa miaka 9, na bibi yao, yaani mama mkwe wangu, ambaye hata lifti hapandi.

Mnielewe vizuri. Mafumbo siyaogopi, nawaogopa watu wangu. Mume wangu ni mtu mzuri sana, ila mpe kazi ya kukunja hema tu, ataanza kuteua makamanda. Wa kati hakai chini dakika mbili. Kitinda mimba akishindwa analia, tena si kilio cha kujificha. Na huyu mwenye siku yake, akikwazwa hutia mikono mfukoni akanyamaza, ndiyo basi tena mpaka kesho.

Nimeambiwa ziko aina mbili. Kuna chumba kimoja chenye hadithi moja mwanzo hadi mwisho, na kuna ile ya vyumba vidogo vidogo vingi, michezo ya dakika mbili tatu, mmoja anaingia wengine wanamwangalia. Ipi inawafaa watu wa namna hii? Na mama mkwe nimwache nyumbani? (Nikimwacha nitaambiwa mpaka uzeeni.)

BinHaraka

Yaani unatoa hela yako ufungiwe, halafu ufurahi ukifunguliwa. Mimi nilikwama kwenye lifti dakika 40 na hakuna aliyenipiga picha ya ushindi.

MamaWatatu

BinHaraka, uliomba kidokezo lakini?

KufuliSaba

Dada, nimekuwa msimamizi wa vyumba hivi miaka miwili na ushee, yule mtu anayekaa nyuma ya kamera. Nimeona familia zikiingia zimeshikana mikono na kutoka kila mtu anatafuta gari lake. Nikwambie ninayoyajua.

Tuanze na bibi. Neno "mnafungiwa" ni la matangazo. Kwenye chumba kinachoendeshwa sawasawa, mlango mlioingilia ama haufungwi kabisa, ama una kitufe cha kutokea ambacho mnaonyeshwa kabla saa haijaanza. Mtu akibanwa na haja anatoka, anarudi. Kinachofungwa kikweli ni kabati, sanduku, mlango wa chumba cha pili. Penye kufuli la sumaku, sumaku yenyewe inashika kwa nguvu ya umeme, umeme ukikatika inaachia. Wapigie simu uwaulize hivi hivi: mtu akitaka kutoka katikati ya mchezo anafanyaje? Wakianza kujikanyaga, tafuta kwingine. Na kama hata hivyo bibi hataki, omba akae na msimamizi kwenye skrini. Sisi tulikuwa na kiti cha ziada kwa ajili hiyo. Sharti ni moja tu, asiwaambie kitu walio ndani, na hilo sharti limewashinda wengi.

Sasa kuhusu mzee kamanda. Kinachoangusha timu si ugumu wa fumbo. Timu inaangushwa na mtu aliyeshika karatasi yenye nusu ya jibu, kaikumbatia kifuani, na mwenzake upande wa pili wa chumba ana nusu ya pili, na wote wawili wanalalamika kwamba hawajapata kitu. Kwenye skrini unawaona wamesimama mgongo kwa mgongo. Inauma. Kwa hiyo kila kinachopatikana kitajwe kwa sauti na kiende mezani, hata kama ni kifungo cha shati. Ufunguo ukishafungua kufuli uachwe humo humo kwenye kufuli, kwa kawaida kazi yake imeisha, ukirudi mfukoni mtautumia kusumbua makufuli mengine nusu saa nzima. Msipande juu ya vitu, msiguse soketi za umeme, hakuna fumbo linalofichwa huko. Mkikwama dakika tano, ombeni kidokezo. Hapa ndipo wanaume wazima hufia. Nimeona mtu na shahada zake akikataa kidokezo dakika 25, mkewe amekaa sakafuni anachezea viatu.

Vyumba vidogo vingi ni vizuri kwa yule wa kati asiyetulia. Lakini huyo wa miaka 9 anayelia: yumo ndani peke yake, nje kuna watu watano wanampigia kelele dirishani "kushoto! kushoto!", sekunde zinayoyoma. Mimi nisingempeleka.

MzeeWaMafumbo

Hapo kwa kitinda mimba nakubali, kwa mengine KufuliSaba anatetea mkate wake wa zamani.

Hiyo ya vyumba vidogo imetoka kwenye televisheni. Mwaka 1990 Uingereza walianza kuonyesha The Crystal Maze kwenye Channel 4. Waliundiwa mchezo wao baada ya kukosa kuitumia ngome ya baharini ambako Wafaransa walikuja kurekodi mchezo wao wa televisheni, Fort Boyard. Timu inapita zama nne, kila mchezo unaoshinda unapewa kito, na kila kito ni sekunde 5 ndani ya kuba la mwisho, ambako feni zinapeperusha vipande vya dhahabu na vya fedha mnavidaka. Vya fedha vinapunguzwa kwenye hesabu ya dhahabu, kwa hiyo mwenye pupa anaiumiza timu. Mwaka 2016 wakafungua ya watu wa kawaida London. Hii ya chumba kimoja ni mtoto wa Japani, mwaka 2007 Kyoto, Takao Kato na kampuni yake SCRAP, ambao waliichukua michezo ya kompyuta ya kutoroka chumbani wakaifanya ya watu wa damu na nyama.

Raha ya ile ya vito ni moja ambayo chumba kimoja hakina. Muda ukimwishia mtu humo ndani, amefungiwa, na timu inaweza kumkomboa kwa kutoa kito kimoja. Sekunde zenu 5 kwa ajili ya mtu mmoja. Waweke watoto wapige kura kama baba akombolewe. Hapo ndipo utajua umelea nini.

MamaWatatu

Mzee, kura hiyo najua matokeo yake. Hatwendi huko.

ZimaMoto

Nisiharibu sherehe, lakini hili lisemwe. Januari 2019, mjini Koszalin, Polandi, wasichana watano wa miaka 15 walikufa ndani ya chumba cha namna hii, wakisherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Moto ulianzia nje, mapokezi, nao hawakuweza kutoka. Baada ya hapo serikali ikaagiza vyumba vyote nchini vikaguliwe. Kwa hiyo mnapofika, kabla ya hadithi ya mganga na hazina, tazama mambo mawili kwa macho yako mwenyewe: mlango unafunguka kwa mkono kutokea ndani? Na anayewatazama yupo muda wote, au anapokea wageni huku akiwachungulia? Wakikuona mkorofi, sawa tu.

MamaWatatu

Asante, ZimaMoto. Nimepiga simu sehemu mbili. Ya kwanza walinijibu "hakuna mtu amewahi kutaka kutoka, mama", nikakata. Ya pili dada alinieleza kitufe kiko wapi kabla sijamaliza kuuliza. Nimeweka nafasi kwa ajili yetu peke yetu, tusichanganywe na wageni. Nitawaletea habari.

MamaWatatu

Haya, tumerudi tangu jana. Hatukutoka. Tulibakiza sanduku moja.

Chumba kilikuwa karakana ya fundi saa aliyetoweka. Kitufe cha kutokea ni kikubwa kama kisosi, kijani, pembeni ya mlango, na mwenye sherehe akatakiwa akibonyeze mbele yetu tuone kinafanya kazi. Mama mkwe akafika mpaka kizingitini, akachungulia, akasema "mwendelee", akaenda kukaa na msimamizi, binti wa makamo ya mwanafunzi, mbele ya skrini nne. Kwaheri yake ilikuwa kumwambia mwanawe asipige kelele.

Dakika kumi za kwanza tulikuwa watu wa maana. Wa kati alishajipenyeza chini ya meza ya kazi na kutoka na ufunguo kabla hatujamaliza kusomewa hadithi. Kitinda mimba alipata tochi ya mwanga wa zambarau, ile inayofichua maandishi yasiyoonekana, na kuanzia hapo haikumtoka mkononi, hata alipoombwa na mtu mzima kwa adabu zote. Mume wangu alijiweka katikati ya chumba, chaki mkononi, ubao nyuma yake. "Kona ya kushoto, ripoti!" Kona ya kushoto nilikuwa mimi.

Sasa zikaja saa. Ukutani kulikuwa na saa nne za pendulamu, zote zimesimama, hazina mshale wa dakika, mshale mfupi tu. Na mezani sanduku lenye kufuli la namba nne. Hata mimi nikajua. Wa kati akakimbia ukuta mzima akisoma kwa sauti: "Saa tisa! Saa mbili! Saa saba!" Baba yao anaandika ubaoni: 9, 2, 7. "Na ya mwisho?"

"Saa kumi na moja!"

"Kumi na moja haiingii kwenye tundu moja. Soma tena."

"Ni saa kumi na moja, baba."

"Kasome vizuri!"

Kijana akarudi, akaikodolea macho, akarudi: saa kumi na moja. Nikaenda mwenyewe. Nikaangalia kwa macho yangu mawili na miwani. Saa kumi na moja. Basi mume wangu akaamua kwamba kumi na moja ni moja na moja, yaani 2, akaanza kuzungusha 9, 2, 7 na 2 kwa kila mpangilio. Tulipoteza dakika tisa. Najua ni tisa kwa sababu kuna mtu alikuwa anazihesabu mahali pengine, nitamfikia.

Aliyetuokoa ni mwenye tochi. Alikuwa anamulika kila kitu, hata viatu vyetu. Akamulika uso wa ile saa ya mwisho, akasema kama anayejisemea, "Lakini mshale umelala kwenye 5."

Jamani. Tumezoea hivyo toka utotoni: jicho linaona 5, mdomo unasema kumi na moja, na ile 5 yenyewe haipiti popote kichwani. Watu wanne wenye akili timamu tumeisoma saa na hakuna aliyeiona namba. 3, 8, 1, 5. Ubao ukafutwa kwa kiganja.

Zimebaki kupangwa. Mezani kulikuwa na karatasi ya fundi imeandikwa "Mfupi ndiye mwenye haraka". Mume wangu akasema fumbo la nini, namba nne tofauti zina mipangilio 24, kila mmoja sekunde tano, dakika mbili kazi imekwisha. Hesabu yake ni sahihi, sina neno. Akakaa na kufuli. Na hapa niseme ukweli ambao sijamwambia mtu: binti yangu, mwenye sherehe, alisimama karibu na saa, mikono mfukoni, akasema kwa sauti ya kawaida, "Pendulamu fupi huenda haraka. Anza na fupi." Nilimsikia. Nilikuwa nahangaika na kufuli la herufi, nikamsikia, nikafikiri kuna mwingine amemsikia pia.

Mipangilio 24 ikaisha. Kufuli limekaa kimya. Mume wangu akalisema vibaya, nami nikapaza sauti kuomba kidokezo kabla hajanikataza. Skrini ikaandika: "Pimeni pendulamu." Ndipo nikasema mbele ya wote kwamba mtoto alishalisema hilo. Akatoa mikono mfukoni, lakini si kwa haraka. Kitinda mimba akapima kwa shibiri zake, dada yake akamwandikia: fupi kabisa ni ya 5, halafu 1, halafu 8, ndefu ni ya 3.

"5183 nimeshaiweka!" baba yao. "Nimeiweka mwanzoni kabisa!"

"Iweke tena," binti yake akamwambia, safari hii chumba kizima kikasikia.

Ikafunguka. Dakika ya 51. Chumba cha pili tukakimbia kama waliofukuzwa na nyuki, tukafungua droo tatu na kabati, king'ora kikalia tumeshika sanduku la mwisho.

Nje nikamkuta mama mkwe amesimama, mkoba mkononi, amechoka kuliko sisi. Msimamizi akaniambia bibi amenyanyuka kwenye kiti mara sita na mara moja ameigonga skrini kwa kidole. Ndiye aliyehesabu zile dakika tisa. "Niliiona tano," anasema, "kubwa kama sahani, nikamwambia huyu binti niachie nikapige kelele mlangoni tu, akanikatalia." Kitinda mimba hakulia. Alikuwa anauliza kama tochi zinauzwa.

Kuhusu kufuli ndiko bado kuna kesi nyumbani. Mume wangu anasema 5183 aliiweka sawa na kufuli ni bovu, lile gurudumu la tatu ni gumu. Mama yake anasema kamera ilikuwa juu ya meza hiyo hiyo na ameona kidole gumba chake kimelikalia gurudumu la tatu, 8 haikufika mstarini, akavuta kidogo, akaendelea na nyingine. "Toka mdogo huyu hafungi chupa mpaka mwisho." Njia nzima ya kurudi yalikuwa hayo. Mwenye sherehe alimwomba bibi asimulie ile sehemu ya "ripoti!" mara tatu, na mara ya tatu akawa anaigiza yeye sauti ya baba.

KufuliSaba, wewe ndiye mtaalamu. Nani mkweli?

KufuliSaba

Dada, umenifanya nicheke kazini. Hiyo ya saa kumi na moja sijawahi kuiona, na nina hakika mtunzi wa chumba naye hakuiwaza.

Makufuli ya namba huchoka. Yanafunguliwa na kufungwa kila siku na watu wenye papara, gurudumu moja linalegea au linakuwa zito, namba inasimama nusu mstari. Tulikuwa tunayajaribu kila asubuhi, na bado mengine yalitugomea mchana. Ndiyo maana ukiwa na uhakika na namba unapanga upya taratibu, unasukuma kidogo kabla ya kuvuta. Kwa hiyo mzee anaweza kuwa na haki. Tatizo ni kwamba wote walioniambia "kufuli bovu", nami nikaenda kulijaribu mbele yao, karibu kila mara lilinifungukia. Na kamera ya juu ya meza huwa haidanganyi sana.

BinHaraka

Bibi aje kwetu, lifti yetu inahitaji msimamizi.

MzeeWaMafumbo

Mngekwenda kwenye vito, angeshakombolewa au kuachwa, na kesi isingekuwepo.

MamaWatatu

Mume wangu ameusoma uzi huu wote kwenye simu yangu. Anasema KufuliSaba amekubali kwamba kufuli lilikuwa bovu. Nikamsomea mama mkwe jibu hilo hilo, neno kwa neno. Anasema amekubali ni kidole.